Simba Yuleyule, Picha Nne: Namna ya Kulinganisha Matoleo ya Filamu ya Katuni Nyumbani

Pale Mwanga, hapa Kigoma, kuna kibanda cha kuingiza muvi ambacho kijana wake, ukimkabidhi flashi, anakuuliza swali moja tu: "Kaka, unataka HD au ya kawaida?" HD inazidi bei kidogo. Nimelipia hiyo HD mara nyingi, nikafika nyumbani Katubuka, nikachomeka, nikakutana na chenga zilezile za juzi. Siku moja nilimrudia nikamwambia, "Mdogo wangu, hii si HD." Akageuza kompyuta yake nione jina la faili. "Kaka, soma mwenyewe. Imeandikwa 1080."

Alikuwa sahihi, imeandikwa. Ndipo nilipoanza kulinganisha kwa utaratibu badala ya kubishana, na utaratibu wenyewe ndio huu hapa. Nautumia kwa katuni kwa sababu mbili. Kwanza, katuni ni mistari na rangi zilizotandazwa, kwa hiyo kosa la picha halina pa kujificha. Pili, nina nakala nne za filamu moja, The Lion King ya 1994, ambayo hata bibi yangu anaifuata bila mkalimani kwa kuwa wahusika wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa. Nina mkanda wa VHS wa Uingereza, DVD ya 2003, Blu-ray ya 2011, na faili la kwenye flashi, ambalo kisheria sina cha kujitetea.

Ukijiuliza diski hizo zilifikaje Kigoma, mji huu wa mashirika ya wakimbizi una mnada wake usiotangazwa. Mfanyakazi wa shirika akimaliza mkataba anauza jokofu, baiskeli, vyombo na boksi la diski. Fika mapema, maana majokofu ndiyo yanayogombewa. Boksi la diski hubaki mpaka jioni.

Kwanza, jua umeshika nini

Kabla hujawasha chochote, chukua daftari uandike kila nakala ina nukta ngapi, yaani vidoti vinavyounda picha, upana kwa kimo. VCD, zile za bei nafuu zilizojaa mitaani kabla ya DVD, ina nukta 352 kwa 288. DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wa Tanzania na Uingereza, ina 720 kwa 576. DVD ya Marekani, ya mfumo wa NTSC, ina 720 kwa 480. Blu-ray ni 1920 kwa 1080. Ile ya 4K ni 3840 kwa 2160. Mkanda wa VHS hauhesabiwi kwa nukta, lakini ukichora mistari ya wima iliyosongamana, mkanda unaweza kutenganisha kama 320 tu kwa upana, iliyobaki inakuwa uji.

Namba hizo ni ukubwa wa shamba, bado hujajua limepandwa nini. Kwa faili la flashi, pima kwanza uzito. La kwangu lilikuwa na MB 700 na filamu ni ya dakika 88. Zidisha 700 kwa 8 (biti nane kwa kila baiti) upate megabiti 5,600, kisha gawanya kwa sekunde 5,280. Unabaki na megabiti moja na ushee kidogo kwa kila sekunde, sauti ikiwemo. DVD inaruhusiwa kufika megabiti 9.8 za picha kwa sekunde, Blu-ray hadi 40. Hata VCD ya mwaka 1993 ilikuwa na 1.15 za picha peke yake! Ni kweli ufinyazi, yaani kubana data ya picha, wa siku hizi una akili kuliko wa VCD, unabeba mengi kwa nafasi ndogo. Lakini kugawa megabiti moja kwa nukta milioni mbili, mara 24 kila sekunde, ni sawa na kugawa kilo ya dagaa kwa msiba mzima. Kila mtu atapata, ila atapata nini?

Programu ya MediaInfo ni ya bure na itakutolea namba hizi zote bila kikokotoo. Hata VLC, programu ya kuchezea video, inazo, kwenye taarifa za faili linalocheza. Kitu ambacho programu hizo hazitakwambia ni kama faili la 1080 lilitokana na Blu-ray au ni DVD iliyovutwa ikatanuliwa. Hilo utaliona kwa macho, tutafika.

Diski inaweza kukataa, na inaweza kukudanganya muda

Geuza kava. DVD ina alama ya dunia yenye namba ya ukanda ambako inaruhusiwa kuchezwa: Marekani ni 1, Ulaya na Japani ni 2, na sehemu kubwa ya Afrika, sisi tukiwemo, ni 5. Blu-ray inatumia herufi, na Afrika tumewekwa B pamoja na Ulaya, wakati Marekani ni A. Diski za 4K hazina ukanda kabisa. Deki nyingi za DVD za bei rahisi hazijali namba, na zinazojali fundi hufungua kwa kubonyeza rimoti tu. Za Blu-ray ni ngumu zaidi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Ya kwangu niliagiza Kariakoo, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenye basi, na diski ya kwanza niliyoitia ikakataa.

Kuhusu muda: sinema hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, PAL inataka 25. Njia iliyozoeleka ni kuikimbiza tu filamu kidogo. Ndiyo maana mkanda wangu wa Uingereza unaisha kwenye dakika 84 na nusu hivi wakati DVD ya Marekani inafika 88. Hakuna kilichokatwa. Sauti za wahusika zinapanda kidogo, Mufasa, baba yake Simba, anasikika kama amepungua miaka miwili mitatu, basi. Usije ukaandika "toleo limekatwa" kabla hujapiga hesabu hiyo.

Shusha TV kutoka dukani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea mwaka mzima.

TV ikitoka kwenye boksi imewekwa ishindane na TV nyingine ishirini ukutani mwa duka lenye taa kali. Ingia kwenye mipangilio ya picha. Ukikuta "Vivid" au "Dynamic", toa, weka "Movie" au "Cinema". Utaona imekuwa ya njano kidogo na imefifia. Vumilia dakika kumi, macho yatazoea.

Kisha teremsha "Sharpness" mpaka sifuri au karibu yake. Kitufe hicho hakiongezi undani wowote; kinachora mstari mweupe kando ya kila mstari mweusi ili macho yadhani pameng'aa. Kwa katuni ni balaa, maana mstari mweusi ndio filamu yenyewe. Zima pia usafishaji wa chenga, na zima ule mwendo laini unaofanya kila filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Mchoraji wa katuni mara nyingi hachori picha 24 kwa sekunde, anachora 12 na kila moja inakaa fremu mbili. TV ikilainisha mwendo inabuni picha za katikati ambazo hakuna binadamu aliyezichora, na miguu ya wahusika inaanza kuteleza kama iko kwenye mawese.

Mwisho, tafuta ukubwa wa picha unaoitwa "Just Scan" au "Screen Fit". TV nyingi hukata ukingo kidogo pande zote bila kukuuliza, na wewe unataka kuona ukingo.

Waya nazo. DVD na Blu-ray ziunganishe kwa HDMI. Ukitumia waya wa njano na wenzake mwekundu na mweupe, Blu-ray yako itashuka iwe sawa na DVD, na rangi nyekundu itavuja nje ya mistari. Deki ya mkanda ndiyo haina njia nyingine. Ukiwa na TV ya chogo isiyojua NTSC, diski ya Marekani inaweza kuja nyeusi na nyeupe au ikawa inapanda juu bila kutulia. Hapo ubovu si wa diski.

Nyumba za huku jua linazamia ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na dirisha langu la sebuleni linatazama hukohuko. Kuanzia saa kumi jioni kioo ni cheupe. Nafanya kazi hii usiku, taa ndogo ikiwa nyuma ya TV, na ninaiacha TV iwake nusu saa kwanza. Stabilaiza iwepo, si kwa ajili ya ubora, ila umeme ukiyumba katikati ya kulinganisha unaweza kupoteza zaidi ya fremu.

Sogeza kiti

TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Ikiwa na nukta 1920 kwa upana, kila nukta ni milimita 0.37. Jicho zima, kwa kipimo cha madaktari, linatenganisha vitu viwili vilivyoachana dakika moja ya pembe, ambayo kwa umbali wa mita tatu ni milimita 0.87. Maana yake ukikaa kwenye kochi lako la kawaida huwezi kuziona nukta za Blu-ray kwenye TV hiyo hata ukikodoa, na DVD nzuri itakufanya uape kwamba ni kitu kilekile. Kwa kulinganisha, sogea mpaka mita moja na robo. Kwa TV ya inchi 55 mita mbili na ushee zinatosha kwa Blu-ray, ila kwa 4K inabidi usogee hadi kama mita moja, kitu ambacho hakuna anayekifanya akitazama filamu kwa raha.

Kabla hujakopa pesa ya 4K, chukua futi ya fundi seremala ukapime sebule.

Chagua mahali, si filamu nzima

Ukitazama filamu yote mara nne utachoka, na mwisho utasifu ile uliyoitazama ukiwa umeshiba. Chagua sehemu tano au sita zinazotesa picha kwa njia tofauti. Kwa The Lion King mimi nachukua jua la mwanzo, makaburi ya tembo, mbio za nyumbu, baba na mwana chini ya nyota, na moto wa mwisho unaofuatiwa na mvua.

Kupata fremu ileile kwenye nakala zote, usitumie saa, kwa sababu ya ile habari ya PAL. Tumia mkato: pale picha moja inapokatika ikaja nyingine, hesabu fremu kuanzia hapo. Kwenye VLC herufi E inasogeza fremu moja, na Shift pamoja na S inahifadhi picha. Ukihifadhi kutoka DVD, itanue ifikie ukubwa wa Blu-ray ndipo uziweke kando kwa kando. Usiipunguze Blu-ray, utakuwa umeipokonya ilichonacho. Chukua fremu tatu nne zinazofuatana pia. Ufinyazi haugawi nafasi sawa, kuna fremu inayohifadhiwa karibu nzima na kuna inayoambiwa "fanana na mwenzako", kwa hiyo ukidaka moja tu unaweza kuionea diski.

Ukikuta kwenye mwendo kingo zimekuwa na meno kama ya kitana, fremu hiyo imechanganya nusu mbili za nyakati mbili. Ruka, chukua inayofuata.

Kama huna njia ya kuingiza Blu-ray au mkanda kwenye kompyuta, piga picha kioo kwa simu, lakini simu ikae juu ya kitu kisichosogea na ufunge mwanga na rangi kwenye kamera. Usipofunga, simu itasawazisha kila picha kivyake, na utakuwa unalinganisha maoni ya simu.

Macho yatue wapi

Anza na mstari. Sogelea jicho la mhusika, ukingo wa pua, manyoya. Mstari mzuri una unene unaobadilika, kwa sababu mkono wa mtu ulikandamiza hapa ukalegeza pale. DVD iliyotanuliwa kuwa 1080 ina mstari mnene wenye ukungu, na majina ya watengenezaji mwishoni yana herufi zilizovimba. Hapo ndipo nilipolikamata faili la kibandani: herufi ndogo za mwisho zilikuwa na ukungu uleule wa DVD yangu. Ukiona uzi mweupe unaufuata mstari mweusi hata baada ya kuzima "Sharpness", basi umechorwa na waliotengeneza diski, si TV yako.

Halafu anga. Jua la mwanzo linakwenda kutoka nyekundu nzito hadi chungwa polepole. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, ile ya biti 10 ya diski za 4K ina 1,024. Ngazi zikipungua, au zikiliwa na ufinyazi, unaona pete kuzunguka jua kama za kisiki kilichokatwa. Blu-ray yangu inapita salama. Faili la flashi lina pete ambazo ungeweza kuhesabu umri wa mti.

Nyumbu ni mtihani wa mwendo. Kundi lile lilitengenezwa kwa msaada wa kompyuta, miili mamia ikishuka bondeni na vumbi juu yake, na vumbi ndilo linalomaliza nafasi ya data. Tazama kama linabaki vumbi au linageuka vijiboksi vinavyosogea pamoja. Sisi tunaowajua nyumbu wa Serengeti tuna kipimo cha ziada cha kutuudhi.

Nyota na mvua sasa, kwa sababu ndizo zinazofichua kosa ninalolichukia kuliko yote: kusafisha kupita kiasi. Programu ya kusafisha inatafuta vitu vidogo vinavyotokea na kutoweka ikidhani ni uchafu. Nyota ni kitu kidogo. Tone la mvua ni kitu kidogo. Na mstari mwembamba wa penseli vilevile.

Kwa katuni za zamani hili ni zito zaidi. Filamu hizo zilichorwa kwenye karatasi angavu, zikapakwa rangi kwa nyuma, zikapigwa picha moja moja juu ya mandhari iliyochorwa, kwenye mkanda wa milimita 35. Mkanda huo una punje, vile vidoti vidogo vinavyochezacheza kwenye picha, na punje ni sehemu ya picha ilivyozaliwa. Mwaka 1961, One Hundred and One Dalmatians ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Disney kutengenezwa yote kwa kunakili michoro ya penseli moja kwa moja kwenye karatasi angavu kwa mashine, ndiyo maana mistari ya filamu za enzi ile imeparuza kama ya daftari. The Sword in the Stone ya 1963 ni ya ukoo huohuo, na Blu-ray yake ya 2013 imelalamikiwa kote kwa kusuguliwa mpaka mistari hiyo ikafutika, nyuso zikabaki kama plastiki. Kwa mtazamaji wa haraka ile ni "safi sana". Ukiona punje kwenye katuni ya miaka ya hamsini, usirudishe diski. Ukizikosa kabisa, hapo ndipo uulize.

Katuni ya karibuni haina kesi hiyo. Kuanzia The Rescuers Down Under ya 1990 michoro ya Disney ilitiwa rangi ndani ya kompyuta, na The Lion King ni ya mkumbo huo. Matoleo ya baadaye yangeweza kutolewa kwenye mafaili yenyewe bila kupitia mkanda wa sinema. DVD ya A Bug's Life, mwaka 1999, ilikwenda hivyo, kutoka kompyuta hadi diski. Picha ya namna hiyo kukosa punje ni haki yake.

Rangi naziacha karibu na mwisho makusudi. Mkanda wangu una nyasi za kahawia, DVD ina nyasi za dhahabu, Blu-ray iko katikati. Ipi ya kweli? Mimi sikuwepo chumbani. Ninachoandika daftarini ni tofauti tu: ipi ina giza lililomeza manyoya ya Scar, yule simba mwovu, ipi nyekundu imevuja nje ya mstari. Neno "halisi" silitumii. Anayekwambia toleo fulani lina rangi halisi, muulize amelinganisha na nini.

Ukingo ni wa haraka. Hesabu kitu: nguzo, matawi, wanyama waliopo upande wa kushoto kabisa. Mkanda wa TV za zamani umekatwa pembeni ili ujaze kioo cha 4 kwa 3, na mnyama mzima anaweza kukosekana.

Na kuna tofauti ambayo si ya ubora hata kidogo. Filamu hii iliporudishwa kwenye majumba ya IMAX mwaka 2002, baadhi ya michoro ilirekebishwa, na mamba wa ule wimbo wa Simba akiwa mtoto wakachorwa upya. DVD ya 2003 ina mamba wapya, mkanda wangu una wa zamani. Nilipoteza jioni nzima nikidhani deki inaharibu mamba.

Mwite mtu asiyejali

Ukishamaliza, ziba majina, mwombe mtu abadilishe nakala huku wewe umegeuka. Mimi namtumia mpwa wangu wa miaka tisa. Mara ya kwanza TV ilikuwa bado kwenye "Vivid". "Mjomba, ile ya pili, nyasi zinawaka." Ilikuwa faili la flashi. Wiki iliyofuata nikaweka "Movie" na kumsogeza karibu. Akanyamaza kidogo, kisha, "Hii ina nywele moja moja," na alikuwa ameshika Blu-ray. Mama alipita na sufuria akatutazama: "Wanangu, si wote simba tu?"

Daftarini sitoi alama kumi kwa kumi. Naandika sehemu, ninachokiona, na umbali niliokaa. Blu-ray imeshinda kwenye mstari, anga na vumbi. DVD inatosha kabisa kwa kochi la mita tatu, na nimempa mpwa aende nayo kwao Ujiji. Faili nimelifuta, flashi ina nyimbo za kwaya sasa. Mkanda ndio mbovu kuliko vyote na ndio uliobaki kabatini kwenye mfuko wa nailoni, kwa ajili ya mamba. Deki yake imekata belti. Fundi wa sokoni amesema nirudi Jumatano.